Njia ya Misafara na Mashauri Yavukayo Mipaka

Zamani, misafara ilipokuwa ikipanda kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, matajiri wa Kihindi wa Unguja walikuwa na adha moja isiyokuwa na dawa. Mfanyabiashara alifika kwao, akachukua merikani, shanga, nyaya za shaba na baruti kwa mkopo, akaandika hati mbele ya mashahidi, akafunga safari ya bara kwa ahadi ya kurudi na pembe za ndovu. Biashara ilipomwendea vizuri alirudi. Ilipomwendea kombo alijenga nyumba Tabora, akapanda miembe, akaoa, akatulia. Deni lilipozidi kuwa zito alisogea Ujiji, na lilipokuwa halibebeki tena alivuka Ziwa Tanganyika akaingia Manyema. Hati ilikuwa Unguja, mashahidi walikuwa Unguja, kadhi alikuwa Unguja, naye mdaiwa alikuwa mbali mwendo wa miezi.

Twaianza makala hii kwa habari hiyo ya kale kwa sababu vijana wetu wengi wanaosoma sheria hudhani kwamba somo liitwalo sheria binafsi ya kimataifa ni somo la London na New York, la mabenki na meli, wala halimhusu mtu wa Tabora. Sisi twasema lilikwisha pita hapa kabla ya reli, kabla ya Wajerumani, na kabla hajazaliwa hata mmoja wa wakubwa wanaolifundisha leo. Somo lenyewe, likivuliwa majina yake makubwa, huuliza maswali matatu. Mimi wa nchi hii nikigombana na wewe wa nchi ile, ni mahakama gani yenye uwezo wa kutusikiliza? Mahakama hiyo itatuhukumu kwa sheria ya nani? Na nikishinda, hukumu yangu itakuwa na nguvu mahali zilipo mali zako, au itakuwa karatasi tu?

Lisichanganywe na lile jingine la mataifa kwa mataifa. Wazee wa chama wanakumbuka habari ya magati ya Wabelgiji. Mwaka 1921 Mwingereza alimpa Mbelgiji sehemu za bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Mwishoni mwa mwaka 1961, Uhuru ukiwa mlangoni, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika haitafungwa na mapatano hayo, maana aliyekuwa mwangalizi wa nchi kwa muda hana haki ya kuigawa milele. Huo ulikuwa ugomvi wa dola na dola. Hapa twazungumzia ugomvi wa mtu na mtu: mkopeshaji na mdaiwa, mume na mke, warithi wa marehemu mmoja.

Shauri kubwa kuliko yote ya namna hii lililozaliwa katika njia yetu ni lile la Henry Stanley na Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Watu wa Tabora wanamfahamu. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mnamo Februari 1887 Stanley alifika Unguja akiwa njiani kwenda kumtafuta Emin Pasha. Mbele ya balozi wa Waingereza wakaandikiana mapatano. Tippu Tip atakuwa liwali wa Mfalme Leopold huko Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Naye atatoa wapagazi 600 wa kubeba mizigo ya Stanley hadi Ziwa Albert, kwa malipo ya pauni 6 kwa kila mpagazi mwenye mzigo.

Wapagazi hawakutoka kwa wakati wala kwa idadi. Kikosi cha nyuma cha Stanley kilikwama Yambuya, watu wakafa kwa njaa na maradhi, na mkuu wake, Meja Barttelot, akauawa kwa risasi mwezi Julai 1888. Stanley alisema Tippu Tip amevunja ahadi. Tippu Tip kwa upande wake alisema baruti aliyoahidiwa hakupewa. Hatuna haja ya kuamua nani alikuwa mkweli kati ya mabwana hao wawili. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa watumwa na pembe; wa pili alikuwa amemfungulia Leopold njia ya kuila Kongo. Wala hapakuwa na aliyewauliza wapagazi wenyewe, ambao migongo yao ndiyo iliyouzwa katika mkataba ule.

Lakini mwanasheria kijana na atazame jinsi Stanley alivyolijenga shauri lake, maana humo mna shule nzima. Desemba 1889 alifika pwani akiwa na hasira, na Tippu Tip alikuwa Stanley Falls. Amshitaki wapi? Kongo haiwezekani, mshitakiwa ndiye liwali wa huko. Katika mahakama ya Sultani ya Unguja hakutaka; Tippu Tip alikuwa raia wa Sultani na mtu mwenye heshima mjini. Mahakama ya balozi wa Kiingereza nayo haikuwa na mamlaka juu ya Mwarabu raia wa Sultani, kwa kuwa zama zile Unguja kila taifa kubwa lilikuwa na mkataba wake na Sultani, na balozi wake akihukumu watu wake mwenyewe. Mtu mmoja alitoka nyumbani kwake na sheria yake, jirani yake na sheria nyingine, na wote wakanunua samaki katika soko moja.

Ndipo Stanley akaacha kumtafuta mtu, akatafuta fedha. Alipata habari kwamba serikali ya Kongo imenunua pembe za Tippu Tip, na kwamba bei yake, zaidi ya pauni 10,000, iko mikononi mwa wakala wake wa Unguja, Jaffer, mwana wa tajiri Taria Topan. Nyumba ya Topan ilikuwa ya Wahindi, na Wahindi walikuwa raia wa Uingereza, chini ya balozi wa Kiingereza. Basi akaomba mahakama ya balozi imzuie Jaffer asizitoe fedha hizo hata shauri lisikilizwe. Mdaiwa yuko katikati ya Afrika, na fedha zake zimefungwa pwani kwa sababu ya uraia wa mtu anayezishika!

Tippu Tip alipopata habari hakuwa na njia ila kushuka. Aliondoka Stanley Falls mwaka 1890, akavuka Ziwa, akapita Ujiji, akafika Tabora, na kuingia Unguja mwezi Julai 1891. Shauri halikufika kwenye hukumu, liliondolewa. Lakini yeye hakurudi tena Kongo, naye akafa Unguja mwaka 1905. Kabla ya kufa aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Twashangaa kwamba kitabu hicho husomwa na wanafunzi wa lugha tu. Kingefaa kabisa kuwekwa mezani kwa wanafunzi wa sheria, maana humo wangemsikia mdaiwa akisema kwa lugha yao wenyewe.

Sisi tuliosomea kwa Wamisheni tulifundishwa shauri jingine la kale la namna hiyo, la Mtume Paulo, aliyewakwepa mahakimu wa kwao kwa kutaja uraia wake wa Kirumi na kutaka rufani kwa Kaisari. Padri wetu alilieleza kama jambo la imani. Baadaye sana ndipo tulipong'amua kwamba lilikuwa pia jambo la mamlaka ya mahakama.

Wajerumani walipoingia waliifuta desturi ya kila mtu na balozi wake, wakaleta desturi ya mpaka: upande huu sheria hii, upande ule sheria ile. Tabora yenyewe iliujua mchezo huo vizuri. Mtu aliyeweka hati ya nyumba mbele ya Mjerumani aliwaona Wabelgiji wakiingia mjini mwezi Septemba 1916, kisha akawaona Waingereza. Wakati Kigoma na Ujiji vilibaki kwa Mbelgiji hata mwaka 1921. Mwingereza akaleta sheria za kwao kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pamoja na kanuni zilizotungwa India. Ng'ambo ya Ziwa, Kongo na Urundi, Mbelgiji aliweka sheria zilizotoka katika vitabu vya Napoleon. Wasukuma mikokoteni wa Kigoma na wa Uvira wanasema Kiswahili kimoja, lakini mahakimu wao walirithi vitabu visivyojuana.

Basi tuje kwenye siku zetu. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi ilikuwamo tangu 2007, na reli mpya yajengwa kuelekea Tabora na Kigoma. Shehena itapita njia ile ile ya misafara kwa siku, si kwa miezi. Tuseme mfanyabiashara wa asali wa Tabora amempa mwenzake wa Bukavu shehena kwa mkopo, naye asilipwe. Anashitaki Tabora, anashinda, anapewa hukumu yenye mhuri. Atafanya nayo nini? Huko Kongo hukumu ya kigeni haikazwi mpaka mahakama yao iipime na kuitolea idhini. Sisi tuna sheria ya kukaza hukumu za nchi za nje kwa utaratibu wa nipe nikupe, ila ni kwa nchi zilizotajwa katika orodha. Orodha hizo zilianza enzi za ukoloni, nazo zilifuata bendera ya Mwingereza zaidi kuliko njia ya biashara ya Mwafrika. Majirani wa ng'ambo ya Ziwa humo huwaoni. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 1984, iliitaja Rwanda pamoja na Tanzania, Uganda na wengine. Burundi na Kongo haikuzitaja.

Na hukumu ya nje ikiletwa kwetu je? Kanuni ya Madai ya 1966 yasema kwamba hukumu ya mahakama ya kigeni huhesabiwa kuwa imekata shauri, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa: kama mahakama ile haikuwa na mamlaka, kama haikuamua kiini cha shauri, kama upande mmoja haukusikilizwa kwa haki, kama ilipatikana kwa hila, na nyinginezo mbili tatu. Ni sheria nzuri, na maneno yake yanatoka katika kanuni ya India ya mwaka 1908. Lakini yahitaji wakili ajuaye kuitumia, na mdai ajuaye mapema.

Hapa twataka kutaja jambo moja ambalo wafanyakazi wa bandari, wenye malori na vyama vya ushirika wangelijua, lingewaokoa fedha nyingi. Uko mkataba wa New York wa mwaka 1958, unaohusu tuzo za waamuzi wanaochaguliwa na wenye ugomvi wenyewe. Tanzania iliuingia mwaka 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008; Burundi na Kongo zote mbili ziliuingia mwaka 2014. Maana yake ni hii: hukumu ya Jaji wa Mahakama Kuu ya Tabora yaweza kukwama Ziwani, ilhali uamuzi wa msuluhishi waliyemchagua mtu wa Tabora na mtu wa Bukavu unavuka, kwa sababu nchi zote mbili zimeahidi kuukaza. Na yote hayo hutegemea sentensi moja iliyoandikwa katika mkataba siku ya kupakia mizigo. Sentensi hiyo watu wengi hawaiandiki. Huandikiana kwenye karatasi ya daftari, au hupeana mikono.

Lakini yote haya ni mali, na mali yaweza kutafutwa tena. Shauri linalotuuma zaidi liko Ulyankulu.

Wasomaji wetu wanajua kwamba mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji ya Burundi wakaja kwetu, wakapewa mahali pa kukaa Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walifyeka pori, wakalima, wakalipa kodi. Mwaka 2014 na uliofuata, zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walipokea hati za uraia wa Tanzania, wakaukana uraia wa Burundi. Nchi chache duniani zimefanya jambo kama hilo, na sisi twajivunia.

Ila mzee aliyekimbia mwaka 1972 aliacha shamba. Pengine la michikichi karibu na Rumonge, pengine la kahawa mlimani. Mzee huyo akifa Ulyankulu, watoto wake, raia wa Tanzania, wanakwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Hakimu atagawa nyumba, ng'ombe na baiskeli zilizoko hapa. Shamba la Rumonge hana uwezo nalo. Kanuni yetu yataka mashauri ya ardhi yafunguliwe mahali ardhi ilipo. Na sheria ya Kiingereza tuliyoirithi ilikwisha sema hivyo mwaka 1893, katika shauri maarufu lililoamuliwa na Baraza la Mabwana huko London kati ya kampuni mbili za kibeberu zilizogombea ardhi ya Manica, upande wa Msumbiji. Mabwana hao walisema mahakama ya Uingereza haiwezi kuamua nani mwenye ardhi iliyoko nchi nyingine. Wenyewe wa ardhi ile, bila shaka, walikuwa wakilima huku hawana habari.

Basi watoto hao wavuke mpaka. Huko watakuta sheria nyingine. Kwa kanuni ya Burundi, iliyotoka kwa Wabelgiji, mtu aliyekalia ardhi miaka 30 aweza kuidai kuwa yake, na aliyeikalia kwa nia njema huhitaji nusu ya muda huo. Hesabu ni nyepesi: kutoka 1972, miaka 30 ilitimia mwaka 2002. Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 yalisema wakimbizi warudishiwe mali zao, na mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya taifa ya ardhi na mali ili kusikiliza madai hayo. Ilisikiliza maelfu ya mashauri, na kila uamuzi ulimuumiza mtu, kwa maana aliyekalia shamba naye mara nyingi alikuwa maskini aliyepewa na serikali. Aidha, mirathi ya ardhi huko hadi miaka hii ya karibuni imeachiwa mila, na mila haimpi binti shamba. Binti aliyezaliwa Ulyankulu, aliyesoma hapa akiambiwa kwamba binadamu wote ni sawa, anafika Rumonge na kuambiwa awaachie kaka zake.

Je, anayo hoja? Huenda anayo. Burundi ina Katiba inayotamka usawa, na imeridhia mikataba ya haki za wanawake. Lakini hoja hiyo itasemwa na nani? Itahitaji mtu anayejua vitabu vya pande zote mbili, anayesoma Kifaransa kama anavyosoma Kiswahili, na anayejua ni hati gani ya Tabora itakayokubaliwa na mahakama ya kule: cheti cha kifo, hati ya mirathi, cheti cha ndoa iliyofungwa kambini mwaka 1975. Mtu huyo hazaliwi, hufundishwa.

Hapa ndipo chama kina neno la kusema. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu chetu kilifunguliwa katika jengo la TANU, barabara ya Lumumba, kwa kuwa hapakuwa na jengo jingine. Kitivo cha kwanza kilikuwa cha Sheria. Wanafunzi hawakufika ishirini, wakitoka Tanganyika na nchi jirani, na kwa miaka kadhaa wanasheria wa Kenya na Uganda walifundwa pamoja na wetu Dar es Salaam. Rufani za nchi zetu tatu zilikwenda mahakama moja, hata Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Katika miaka hiyo ya mwanzo Waziri wa Sheria alikuwa mtu wa Unyanyembe, Chifu Abdallah Said Fundikira. Waliokaa darasa moja waligombana mahakamani kama kawaida ya mawakili, lakini walijuana, na hati ya mmoja haikuwa kitendawili kwa mwingine.

Sasa majirani wameongezeka na madarasa yametengana. Mwaka 2021 tulifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo tulilolipigania kwa muda mrefu katika kurasa hizi. Basi Kiswahili hicho kinafahamika Bukavu, Kalemie na Bujumbura. Hukumu iliyoandikwa kwa Kiswahili Tabora yaweza kueleweka na mdaiwa wa Uvira kabla haijatafsiriwa. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 126, wataka nchi wanachama zilinganishe mafunzo ya sheria na sheria zenyewe. Ibara hiyo ina zaidi ya miaka ishirini. Hatuoni kwa nini Serikali isikae na Burundi na Kongo ikaanza na mambo mawili tu: hukumu za madai ya fedha, na hati za mirathi. Wabunge wa mikoa ya Tabora, Kigoma na Katavi, ambao wapiga kura wao ndio wenye mashauri haya, wanaweza kuliuliza jambo hili katika kikao kijacho bila kungoja tume.

Na wakati wakubwa wakizungumza, kuna dogo linaloweza kufanyika hapa hapa. Mahakama Kuu ina kanda yake Tabora. Iwekewe nakala ya kanuni za madai na za ardhi za Burundi na za Kongo, na kijana mmoja wa mkoa huu, binti ikiwezekana wa kutoka Ulyankulu, apelekwe kusomea sheria Bujumbura kwa gharama ya umma, kisha arudi.